Redio Kaseti Imenyamaza: Tuanzie Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

KABLA YA KUSIKILIZA

Mwalimu, weka mezani redio kaseti moja ya betri, hata ikiwa mbovu. Weka pia betri 2 za tochi, balbu ya tochi, vipande viwili vya waya, bisibisi ndogo, pamba na spiriti kidogo. Andika ubaoni maneno haya, wanafunzi wayasome kwa sauti: betri, springi, swichi, mota, spika, utepe.

MAZUNGUMZO

Hamjambo, wasikilizaji. Hamjambo ninyi mlioko mjini Morogoro, na ninyi mlioko juu milimani, Mgeta, Matombo na Kinole. Mimi ni fundi wa redio. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi katika kibanda kidogo karibu na soko, na leo nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kazi yangu.

Sitaweza kuwafanya mafundi kwa somo moja. Lakini nataka kila mmoja wenu, redio kaseti yake ikinyamaza, ajue mahali pa kuanzia. Magonjwa mengi ya mashine hizi ni madogo. Mtu asiyeyajua huiweka mashine darini ikaliwa na kutu, au humlipa fundi fedha nyingi kwa kazi ya dakika tano.

Nianze na habari ya mama mmoja. Alifika kwangu siku ya Ijumaa asubuhi, wakati wa masika, ameteremka kutoka Mgeta na gari la mboga. Alikuwa mtu mzima, nami nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Akafungua kanga, akatoa redio kaseti ya zamani, ya betri 4. Ndani yake mlikuwa na kaseti moja. Akaniambia, "Fundi mmoja ameniambia imekufa, ninunue nyingine. Mashine naweza kuiacha. Lakini humu ndani mna sauti ya marehemu mjomba wangu, na kikao cha ukoo ni Jumapili."

Kama mjuavyo, kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba ni neno zito. Mjomba yule alikuwa amekaa siku moja mbele ya mashine hii, akataja mipaka ya shamba lao: jiwe lipi, mti upi, mfereji upi. Sasa yeye hayupo, na watoto wa ukoo walikuwa wakigombana. Kaseti ilikuwa moja tu. Hakuna aliyeinakili.

Basi tuiache mashine ya mama mezani kidogo, tujifunze kwanza.

Kaseti hizi ndogo zilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963. Kabla yake, sauti iliwekwa katika tepu za magurudumu makubwa, na mashine zake zilikuwa nzito. Kaseti ilitosha mfukoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti zilienea mijini na vijijini. Watu walinasa nyimbo kutoka redioni, za Morogoro Jazz na za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979. Walinasa pia harusi, ngoma na maneno ya wazee. Siku hizi watu wengi wana simu, lakini nyumba nyingi bado zina kaseti yenye sauti isiyopatikana mahali pengine. Kwa sababu hiyo nasema mashine hizi zina kazi bado.

Sasa umeme. Watu wa Mgeta wanajua mifereji. Maji hutoka juu, hupita mferejini, hufika shambani. Mfereji ukizibwa mahali pamoja tu, hata kwa jani na matope, shamba lote la chini hukauka. Umeme nao hupita katika njia yake. Njia ikikatika mahali pamoja, mashine yote hunyamaza.

Lakini umeme si sawasawa na maji kwa jambo moja. Maji yakifika shambani yamefika, hayarudi. Umeme lazima urudi. Hutoka upande mmoja wa betri, hupita katika swichi, mota na spika, kisha hurudi upande wa pili wa betri. Kwa hiyo njia ya kwenda na njia ya kurudi zote ziwe nzima. Andikeni neno hili: njia ya umeme ni duara.

Betri moja ya kawaida, ambayo wengine huiita jiwe, ina nguvu ya volti 1 na nusu. Betri 4 zikipangwa mstari mmoja hutoa volti 6. Betri 6 hutoa volti 9. Kila betri ina kichwa chenye chuchu, alama yake ni msalaba; huo ni upande chanya. Kitako chake kilicho bapa ni upande hasi, alama yake ni mstari. Betri moja ikigeuzwa hupingana na wenzake. Zote zikigeuzwa, umeme huingia kinyumenyume, na vipande vidogo vya ndani vyaweza kuungua.

Tuje sasa kwenye uchunguzi. Kanuni yangu ni hii: anza nje, ndipo uingie ndani. Anza na jambo lisilo na gharama. Usifungue hata skrubu moja kabla ya kutazama betri.

Hatua ya kwanza: betri. Zitoe zote, uzitazame moja moja. Kama moja imetoa maji au unga mweupe, imekwisha. Betri 3 nzima na 1 iliyokufa hazitaendesha mashine vizuri. Wala usichanganye betri mpya na za zamani, kwa sababu ile dhaifu huchoka kupita kiasi, ikavuja. Nawajua wanaoanika betri juani. Kweli, zikipata joto hupata nguvu kidogo, lakini ni kwa muda mfupi tu, na betri kuukuu ya namna hiyo ndiyo ivujayo ndani ya mashine. Kuziweka motoni ni hatari, hupasuka.

Hatua ya pili: springi na vibati vinavyogusa betri. Huku milimani kuna ukungu na mvua nyingi, na chuma hupata kutu upesi. Kutu ya kijani au nyeupe huzuia umeme kama matope mferejini. Kwanguaneni polepole kwa kipande cha msasa laini, kisha futeni kwa pamba yenye spiriti kidogo, mwache pakauke. Ule unga wa betri msiuguse kwa mikono mitupu, wala msiupelekee machoni. Mkimaliza, naweni kwa sabuni.

Hatua ya tatu: matundu. Redio kaseti nyingi zina tundu la waya wa umeme wa nje, na tundu la kusikilizia kwa masikio. Ndani ya tundu la umeme wa nje mna vibati viwili vinavyogusana. Ukichomeka waya, huachana, na betri hukatwa. Ukichomoa, hugusana tena, na betri hurudi kazini. Kibati kikipinda au kikishika uchafu, hakirudi. Hapo mashine hufanya kazi kwa umeme wa nyumba, lakini kwa betri hainyanyuki. Watu hununua betri mpya, tena na tena, kumbe ubovu uko tunduni. Chukua waya huo, ukiwa haujaunganishwa na umeme wa ukutani, uchomeke na kuuchomoa mara kumi. Mara nyingi hiyo peke yake hutosha.

Tundu la masikio nalo ni hivyo hivyo. Kibati chake kisiporudi, spika hunyamaza, ingawa mota inazunguka.

Hatua ya nne: linganisha. Redio kaseti ni mashine mbili katika sanduku moja. Weka swichi upande wa redio. Je, redio inasema? Kama redio inasema kwa nguvu na kaseti haizunguki, basi betri ni nzima na spika ni nzima. Usihangaike nazo. Ubovu uko upande wa kaseti. Kama redio na kaseti zote ni kimya, rudi kwenye betri, waya za betri na swichi kubwa. Mkilinganisha hivyo mmeshaondoa nusu ya kazi, na hamjafungua kitu.

Lakini jihadharini na jambo moja kuhusu redio. Mawimbi ya FM hupita karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyoka. Mlima hukinga. Mtu aliye bondeni, nyuma ya mlima, aweza kusikia mkoromo tu, na redio yake ni nzima kabisa. Kabla ya kuitukana, ipandishe mgongoni mwa kilima ujaribu huko.

Hatua ya tano: sasa fungua. Kwanza ondoa betri. Hakikisha mashine haikuunganishwa na umeme wa ukutani. Weka skrubu kwenye kisahani, zisipotee.

Tazama waya za betri. Waya nyekundu kwa kawaida ni upande chanya, nyeusi ni upande hasi. Zivute kidogo kwa vidole. Waya huonekana nzima kwa nje, kumbe ndani ya mpira umekatika, au mahali ulipolehemiwa pameachia.

Hapa tutatumia kipimo chetu cha maskini. Mwalimu, chukua betri 2 za tochi, uzipange mstari mmoja, chuchu ya moja iguse kitako cha nyingine. Unganisha balbu ya tochi na waya mbili. Ukigusanisha ncha za waya, balbu huwaka. Sasa weka ncha moja mwanzo wa waya unaoushuku, na ncha nyingine mwisho wake. Balbu ikiwaka, njia ni nzima. Isipowaka, njia imekatika. Mnaweza kupima waya, swichi, springi na fyuzi hivyo. Lakini msipime kichwa cha kusomea utepe, wala vipande vidogo vya ubao wa ndani. Nguvu ya balbu ni kubwa kwao. Yaweza kukitia kichwa usumaku, na baadaye kikaharibu sauti iliyo katika utepe.

Kama redio inasema na kaseti haizunguki, tazama chini ya vitufe. Ukibonyeza kitufe cha kusikiliza, vibati viwili vyembamba hugusana na kuipa mota umeme. Vikiwa vichafu, mota hailii. Chukua kipande cha karatasi safi, kitie spiriti kidogo, kipitishe katikati ya vibati mara mbili tatu. Usivipinde.

Kama mota inazunguka na kaseti haiendi, hapo si umeme tena. Mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota umelegea, umekatika, au umeyeyuka kuwa kama lami. Huo hubadilishwa kwa mwingine wa kipimo hicho hicho.

Kama kaseti inakwenda lakini polepole, na sauti ya mwimbaji imekuwa nzito kama mtu mwenye usingizi, jaribu kwanza betri mpya. Ikiendelea, safisha gurudumu dogo la mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha utazame ule mkanda.

Kama kila kitu kinazunguka na sauti haisikiki, au inasikika kwa mbali, futa kichwa cha kusomea kwa pamba yenye spiriti. Utashangaa kuona rangi ya udongo katika pamba. Ni unga wa utepe. Kamwe usikikwangue kwa chuma. Na kama ukizungusha kitufe cha sauti unasikia mkwaruzo, ni vumbi. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini, betri zikiwa nje. Mara nyingi hutulia.

Turudi sasa kwa mama wa Mgeta.

Nilitoa betri. Moja ilikuwa imevuja zamani. Unga wake ulikuwa umeshika springi ya upande hasi, na springi ilikuwa kijani yote. Nikaisafisha, nikatia betri mpya. Kimya. Nikajaribu redio. Kimya vilevile. Basi nikajua kwamba ubovu ni wa mashine zote mbili, karibu na betri. Nikafungua, nikaipima waya nyeusi kwa balbu. Haikuwaka. Ule unga ulikuwa umetambaa chini ya mpira wa waya, ukala shaba. Nilikata kipande kibovu, nikaweka waya mpya wa urefu wa kidole, nikalehemu pande zote mbili. Nikawasha redio. Ikasema.

Mama akapiga makofi. Akanyosha mkono kuchukua kaseti ya mjomba, aitie.

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ngoja kwanza."

Sasa nitawaambia kwa nini, nami nasema kwa aibu. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, mzee mmoja aliniletea mashine pamoja na kaseti ya harusi ya binti yake. Binti huyo alikuwa amekwisha kufariki. Nilitengeneza waya, nikafurahi, nikatia kaseti yake kujaribu. Gurudumu la mpira lilikuwa chafu, na upande wa kukunjia haukuzunguka. Utepe ukatoka nje, ukajizungusha kwenye chuma, ukakatika vipande. Mzee hakunigombeza. Alikusanya vile vipande, akavitia mfukoni, akaondoka. Tangu siku ile nina kaseti moja ya majaribio, isiyo na thamani, nayo ndiyo huingia kwanza katika kila mashine.

Basi ile kaseti ya majaribio ilicheza robo saa, mbele na nyuma. Nilisafisha kichwa na gurudumu. Nikaizungusha kaseti ya mjomba kwa kalamu, polepole, kuona kama utepe haukugandamana kwa unyevu. Ndipo nikaitia.

Kwanza tulisikia jogoo. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya mzee, anataja jiwe la kwanza. Mama aliketi juu ya kapu lake, hakusema neno mpaka upande mmoja ulipokwisha.

Kabla hajaondoka tuliinakili kaseti ile katika kaseti nyingine, na katika simu ya mwanawe aliyekuja kumchukua. Baada ya majuma mawili alipita na gari la mboga akaniambia habari za kikao. Mipaka miwili ilikubaliwa siku ile ile. Wa tatu walikwenda kuutazama shambani, kwa sababu mti alioutaja mjomba ulikuwa umekatwa na kilichobaki kilikuwa kisiki.

Wasikilizaji, nimebakiwa na maonyo matatu.

La kwanza: umeme wa nyumba ni volti 230. Betri za redio kaseti haziui mtu. Umeme wa ukutani huua. Mashine yenye waya wa ukutani ichomolewe kabla ya kufunguliwa. Hata ikichomolewa, vipande vingine vya ndani huhifadhi umeme kwa muda. Upande huo mwachieni fundi aliyejifunza. Na fyuzi ikikatika, tafuta sababu, kisha weka nyingine ya kipimo kile kile. Msifunge waya wala karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi. Nyumba huungua hivyo.

La pili: mashine isipotumika, toeni betri. Betri hukaa kimya kabatini, ikavuja bila mtu kujua. Mashine ya mama iliharibika kwa sababu hiyo tu.

La tatu: betri zilizokwisha msizitupe mferejini wala mtoni. Maji ya Uluguru hushuka hadi Mto Ruvu, nao huwanywesha watu wengi, pamoja na wakazi wa Dar es Salaam. Zikusanyeni katika kopo mbali na watoto, mzipeleke mjini kwa wanaopokea taka za namna hiyo.

Mwenye kaseti ya sauti ya mzazi wake, basi, asingoje mashine iharibike. Aitafute leo, aijaribu kwa njia niliyoeleza, ainakili. Kwaherini, wasikilizaji.

MANENO YA SOMO

Chanya: upande wa betri wenye alama ya msalaba.
Hasi: upande wa betri wenye alama ya mstari.
Kulehemu: kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa kwa moto.
Kunakili: kutoa sauti katika kaseti moja na kuitia mahali pengine.
Fyuzi: waya mwembamba unaokatika umeme ukizidi, ili mashine isiungue.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Umeme unafanana na maji ya mfereji kwa jambo gani? Unatofautiana nayo kwa jambo gani?
2. Betri 4 zina volti ngapi? Betri 6 je?
3. Redio inasema, kaseti haizunguki. Ni vitu gani ambavyo hatuna haja ya kuvichunguza?
4. Mashine inafanya kazi kwa umeme wa nyumba, lakini si kwa betri. Utaanza wapi?
5. Kwa nini fundi hakutia kwanza kaseti ya mjomba?
6. Katika darasa letu, nani ana kaseti yenye sauti ya mzee? Tutainakili lini, na kwa mashine ya nani?